Presha ya Marehemu

3 Machi

Mwanangu wa pekee,

Marahaba. Najua ungekuwa karibu ungeshaniamkia. Usishtuke kuona bahasha, sijapoteza simu wala sijaishiwa salio. Nimeamua tu kwamba mambo ya nyumbani tuandikiane kwa karatasi, kama nilivyokuwa nikiandikiana na bibi yako, kwa sababu hii simu imekuwa mbea.

Unajua nilibaki na simu ya baba yako, yangu ilipopasuka kioo. Nilidhani mwenyewe akishaondoka itanyamaza. Wapi! Wiki ile ya msiba, wageni bado wako sebuleni, ikaleta tangazo la soksi za wenye presha. Ikafuata kiti cha kuogea cha wazee. Juzi imeleta majeneza, yenye punguzo la bei na vishikio vya shaba. Shangazi yako akalisoma mara mbili, akasema, "Wifi, hawa nao wamechelewa." Tukacheka mpaka tukalia, halafu tukalia kweli.

Mimi sijui wanajuaje. Sijamwambia mtu yeyote kwenye simu habari za ugonjwa wake. Kwa hiyo karatasi ni salama zaidi. Karatasi haikusikilizi.

Kazini hatujambo. Tumepata kazi ya mapazia ya ukumbi mkubwa, kitambaa kizito chenye manyoya, ukikikata vibaya manyoya ya upande mmoja yanalala na ya upande mwingine yanasimama, pazia linakuwa kama mbwa aliyelowa. Kwa hiyo meza ya kukatia wameniachia mwenyewe. Siku nzima niko wima, na wenzangu wananipigia domo.

Nyumbani ni kimya. Asubuhi ndiyo mbaya kidogo. Unakumbuka baba yako alivyokuwa akivaa shati la kutokea ndipo akae kupima presha? Nilimuuliza anamvalia nani. Akasema, "Moyo ni mtu mkubwa, huwezi kwenda kwake na fulana." Akimaliza yeye ananiita mimi, niliyekaa kiti cha pili pale pale mezani: "Anayefuata!" Kama kuna foleni. Ananifunga mkanda, anabonyeza kile kitufe cha mgeni ili vipimo vyangu visichanganyike na vyake, kisha anasoma namba kwa sauti ya daktari.

Mashine bado iko mezani, lakini sasa ni pambo tu. Nimeitandikia kitambaa.

Mimi ni buheri wa afya. Kula, nakula. Kulala, nalala.

Mama yako

*

14 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kazini, nikacheka kwa sauti kwenye lile la shangazi, na mteja aliyekuwa akijaribu miwani akadhani namcheka yeye. Ikabidi nimsifie pua.

Huku duka la miwani linaendelea. Juzi alikuja mama mmoja kurudisha miwani. Anasema tangu aivae mume wake amezeeka. Nikamwambia, "Mama, miwani haijamzeesha, imemfichua tu." Akaondoka nayo, lakini hakuaga.

Nafurahi kwamba tutaandikiana. Ila nina maneno machache, usiyachukulie vibaya. Punguza chumvi. Yale mabunda ya kitambaa kizito usiyanyanyue mwenyewe, waite vijana. Na zile siku unazoamka kabla hata hakujapambazuka, ukikaa tu mezani unawaza, jaribu kurudi kitandani. Jumapili ile uliyolala mpaka jua likawa juu nilifurahi sana.

Daktari uliyekuwa ukimpeleka baba yuko pale pale? Siku moja mpitie, umsalimie tu.

Nakupenda, na shangazi pia, mwambie.

Mwanao wa pekee

*

2 Aprili

Mwanangu,

Barua hii naiandika nikiwa nimekasirika, kisha nimepoa, kisha nimekasirika tena. Utaona mwandiko wenyewe.

Jana Mkurugenzi aliniita ofisini. Alinikaribisha kiti. Miaka yote niliyokata kitambaa pale hajawahi kunikaribisha kiti, nikajua hapa kuna jambo. Akaongea taratibu, kama mtu aliye wodini. "Mama, umetutumikia sana. Tumesikia presha inakusumbua. Tumeonelea mwishoni mwa Mei upumzike."

Nikamuuliza, "Nani kasema nina presha?"

Akasema, "Tunazo taarifa."

"Taarifa za nani?"

"Mama, tunakujali tu."

Pembeni yake alikaa yule wa utumishi, rafiki yako wa shule, Msumari. Muda wote alikuwa akiviangalia viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

Sasa nikwambie kweli, kwa kuwa siri yenyewe imeshatoka. Presha ninayo. Ilianza kupanda baada ya msiba. Ile mashine si pambo, naitumia kila asubuhi. Mkono ulishazoea, nikiamka najikuta nimekaa. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umemzika baba yako juzi tu, sikutaka uanze kunitazama na mimi kama mtu anayeondoka. Shangazi yako sikumwambia. Daktari bado sijamwendea, niliogopa ataniambia niache kazi. Sikumwambia kiumbe.

Lakini wewe ulijua. Nimeirudia barua yako. Chumvi. Mabunda. Kuamka kabla ya mapambazuko. Na ile Jumapili. Mwanangu, nani alikwambia kwamba Jumapili nililala? Nilikuwa peke yangu na mto wangu.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya nyumba hii ni wewe. Sijui ulijuaje, pengine mtoto hunusa. Lakini ukijua, ndiyo umwambie Msumari? Labda ulitaka anichunge. Labda ulisema kwa nia njema. Nia njema imenitoa kazini.

Unajua mimi silii kazi kwa sababu ya mshahara, nyumba ni yetu na kula si kwingi. Ninacholilia ni kwamba pale kuna kelele. Kuna mikasi, kuna cherehani, kuna umbea wa nani kaachwa na nani karudiwa. Wakinitoa pale nitashinda hapa na viti viwili. Hicho ndicho kitakachonipandisha presha.

Mama yako

*

10 Aprili

Mama,

Shikamoo. Umeniita kata. Nimeiweka barua chini, nimeenda kutembea, nimerudi, bado imeandikwa kata.

Sijamwambia Msumari neno. Hatujazungumza tangu siku ya mazishi, na siku ile aliniambia pole tu akanishika mkono. Naapa.

Lakini ni kweli nilijua, na leo nakueleza nilijuaje. Baba alipoanza kuugua, aliniomba nimuunganishie ile mashine na simu yangu. Alisema, "Mama yako nikimwambia imepanda hali chakula. Wewe utaniambia kwa utaratibu." Kila alipopima, simu yangu ililia, ikaandika: Baba amepima.

Niliporudi huku baada ya mazishi, asubuhi ya kwanza kazini nilikuwa nasafisha vioo vya kabati la fremu. Simu ikalia ule mlio wake. Nikatazama. Baba amepima.

Mama, niliachia kitambaa cha kufutia. Nilikaa chini sakafuni. Mwenzangu alikuja mbio akidhani nimejikata. Sikuweza kumweleza. Ungemwelezaje mtu?

Baadaye ndipo akili ikanirudia. Nikakuona umekaa mezani, umejifunga mkanda, na kitufe cha mgeni hukijui kwa sababu siku zote alikibonyeza yeye. Kwa hiyo kila unachopima kinaingia kwa jina lake. Nikataka kukupigia siku ile ile. Sikukupigia. Unajua kwa nini? Kwa sababu ilikuwa inalia kila asubuhi, na kila ikilia najua mama yangu ameamka. Nilijua nikisema utaacha. Ni ubinafsi, na nimeona namba zikipanda nikaishia kukwambia habari za chumvi, kama mjinga.

Sasa tuulizane. Kama si mimi, nani kamwambia Mkurugenzi? Nadhani ni yule yule aliyekuletea soksi na jeneza. Wenye ile mashine wanapata namba zote kabla hata simu yangu haijalia, na mtu akishakuwa na kitu, anaweza kukiuza.

Nimesoma kwamba huko kwenu bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kulinda taarifa za afya ya mtu, na mwaka huu imeanza kazi. Huku kwetu bado wanabishana. Inasema kampuni haiwezi kukusanya habari za afya yako bila wewe kukubali, na haiwezi kuziuza mpaka utoe ruhusa nyingine, ya kuuza peke yake, iliyoandikwa wazi. Mtu anaweza kudai aonyeshwe walichonacho, na anaweza kudai kifutwe, kwao na kwa kila waliyempa. Na kuna ofisi ya tume ya kulalamikia.

Nenda, Mama. Pitia kwa daktari kwanza, halafu nenda.

Asiye kata,
Mwanao

*

17 Aprili

Mama,

Shikamoo. Ni mimi Msumari, wa utumishi. Barua hii nimeipitisha chini ya mlango wako mwenyewe, nikatembea haraka, kwa hiyo kama jirani kakwambia kaona mwizi mwembamba, ni mimi.

Siku ile ofisini sikuweza kukutazama. Nataka ujue kilichotokea.

Kampuni moja ilimjia Mkurugenzi ikamwambia inaweza kumuuzia taarifa za afya za nyumba za wafanyakazi, ili apange mapema nani atabaki na nani atachoka. Akanunua. Mimi nikapewa nizisome. Kwenye nyumba yako kulikuwa na mtu mmoja tu: marehemu. Jina lake kamili, simu yake, na maneno kwamba presha yake mwaka huu inapanda na anahitaji uangalizi.

Mama, mimi nilikuwa makaburini. Nilisimama nyuma ya shangazi, niliona udongo ukiingia. Nikaisoma ile karatasi tena. Nikamwendea Mkurugenzi nikamwambia, "Bosi, huyu ni marehemu, hawezi kuwa na presha." Yeye akasema, "Basi kama si yake ni ya mkewe." Aliwaza upesi kuliko mimi. Ndivyo ilivyokuwa. Mwanao hahusiki hata kidogo, na shangazi kaniambia mmekwaruzana kwa ajili yangu, jambo linaloniuma.

Nilikaa kimya kwa kuogopa kazi yangu. Lakini kama utakwenda kwenye ofisi ya tume, nitaje. Nikiulizwa, nitasema nilichokiona.

Msumari
(ndilo jina mlilonipachika tangu shule, na sijanenepa)

*

8 Mei

Mwanangu,

Nimekukosea, na kukwambia kwa simu nimeona hakutoshi, ndiyo maana naandika tena hapa: nimekukosea. Neno kata nimelifuta. Nilidhani nyumba yetu ina tobo moja, kumbe paa zima lilikuwa wazi.

Na hilo la simu yako kulia kila asubuhi, nimelifikiria sana. Nilikuwa nakaa mezani nikijiona mpweke kuliko watu wote, kumbe kuna mtu mbali huko anashusha pumzi. Sijui nikasirike au nicheke. Bado nachagua.

Daktari nimemwendea. Amenipa dawa, kanigombeza kwa kuchelewa, kasema presha kama yangu wanayo nusu ya wagonjwa wake na wote wanafanya kazi. Amesema kusimama mezani hakuniumizi, kinachoniumiza ni kuficha. Nikamwambia hilo halikusomewa udaktari, hata shangazi analijua. Akacheka.

Kisha nikaenda kwenye ile ofisi ya tume. Nilitegemea jengo kubwa, kumbe ni vyumba viwili juu ya duka la rangi, ngazi zinanuka rangi mpaka kichwa kinazunguka. Afisa aliyenipokea ni mama mjamzito, kachoka, ana mto nyuma ya mgongo na kila akiinama unadondoka. Niliuokota mpaka tukawa ndugu.

Niliporudi mara ya pili alikuwa ameshawaandikia wenye mashine, na jibu lao lilikuwa mezani. Akanisomea. Wanasema mteja wao ni marehemu, marehemu alikubali masharti yao, na mimi mlalamikaji hawanijui. Nikanyong'onyea. Nikamwambia, "Mama, wanasema kweli. Kwa mashine ile mimi ni mgeni, tena mgeni ambaye hata hakubonyezwa."

Akaniuliza, "Ule mkanda ulikuwa umefungwa mkono wa nani?"

"Wangu."

"Moyo uliokuwa unadunda ni wa nani?"

"Wangu, wa nani tena?"

"Basi. Sheria haiulizi mashine ina jina la nani. Inauliza mwili ni wa nani." Akageuza karatasi. "Na hata huyo marehemu. Alikubali apimwe, akakubali mwanawe aone. Wapi alipokubali auzwe? Wanionyeshe."

Hawana, mwanangu. Wamemtafutia hiyo ruhusa wameikosa. Masharti yao ni marefu, na kila kitu wamekitia humo kama nguo chafu kwenye kapu moja. Sheria inasema la kuuza lisimame peke yake, mtu alione, akatae au akubali. Amesema ataandika kwao, na kwa kampuni iliyouza, na kwa Mkurugenzi. Msumari amekwenda kutoa maelezo yake. Alitetemeka njia nzima, lakini alikwenda.

Sasa kuna moja linanisumbua. Afisa anasema naweza kudai kila kitu kifutwe. Nikauliza, vyangu tu? Akasema vya baba yako pia, mimi na wewe kama warithi tunaweza kudai, au tukachukua nakala, au tukaviacha vikae. Nikamwomba nifikirie.

Zile ni asubuhi zake. Kila siku aliyokaa pale na shati lake, mpaka ile ya mwisho. Zikifutwa, zimekwenda. Wewe unasemaje?

Mama yako

*

16 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana.

Ukweli ni kwamba nataka zibaki. Nataka zibaki zake, na mashine yako iendelee kulia kwangu kila asubuhi mpaka nizeeke. Umeona? Nikianza kusema ninachotaka mimi, nafanana na wale wa soksi. Wao nao wanataka tu kujua unaendeleaje.

Kwa hiyo sisemi. Baba alikuwa mume wako kabla hajawa baba yangu, na moyo ni wako. Utakaloamua nitalikubali, na sitanuna zaidi ya siku chache.

Mwanao

*

30 Mei

Mwanangu,

Kaa chini ndipo usome. Nimebaki kazini.

Mkurugenzi aliniita tena, safari hii hakunikaribisha kiti, nikajua mambo ni mazuri. Alikuwa na barua ya tume mbele yake. Akasema, kulikuwa na kutoelewana. Nikasema, kutoelewana na nani, Bosi, mimi nilikuelewa vizuri sana. Akakohoa. Akasema barua ya kupumzishwa imefutwa, taarifa alizonunua zimefutwa, za kwangu na za wenzangu wote, maana kumbe kila mmoja alikuwa na lake humo. Yule mama wa cherehani ya kona, mwenyewe ametuambia, alikuwa akijificha na dawa za kifafa miaka yote. Fundi wa pindo alikuwa na mambo yake ambayo sitayaandika, kwa sababu si yangu. Karakana nzima ilikuwa imeficha, kila mtu akidhani mgonjwa ni yeye peke yake. Walipojua zimefutwa walipiga vigelegele mpaka wa duka la jirani wakaja kuuliza nani anaolewa. "Mimi!" akasema Msumari. "Nimeolewa na kazi yangu, wameshindwa kunipa talaka." Maana Mkurugenzi alitaka kumtoa kwa kusema, na afisa akamwonya kwamba hilo nalo sheria imelikataza.

Nimeshusha pumzi, mwanangu. Nilirudi nyumbani nikalala mchana, na viatu miguuni.

Sasa lile jingine. Nilikaa nalo wiki nzima. Kisha nikakumbuka jambo ambalo sijawahi kukuhadithia. Baba yako alipolazwa, pazia la kitanda chake lilikuwa fupi, haliwezi kufunga lote, linaacha uwazi upande wa miguu. Yeye maumivu alikuwa akiyavumilia, lakini ule uwazi ulimtesa. Kila anayepita anachungulia. Nikamwona anauma midomo asilie, kwa sababu ya watu. Nikaenda karakana, nikakata kipande, nikarudi nacho jioni nikakiunga pale pale kwa sindano ya mkono, rangi haikulingana hata kidogo, nesi ananitazama tu. Nilipomaliza nikalivuta likafunga. Akatulia. Akasema, "Sasa naweza kuumwa kwa raha." Na alilia, mimi peke yangu nikamwona.

Kwa hiyo nimewaambia wafute. Vyake vyote, na nakala sikuchukua. Mtu aliyetaka pazia lifunge mpaka miguuni hawezi kuachwa kwa watu asiowajua wakimsoma moyo. Asubuhi zake ninazo mimi, na hizi nilizo nazo mimi hazina namba.

Afisa akaniuliza, "Na zako wewe, kuanzia leo, nani aruhusiwe kuziona?" Wenye mashine wameshaiandika kwa jina langu. Nikasema, daktari. Akasema, "Mwingine?" Kalamu iko juu. Nikakufikiria wewe, na simu yako, na lile duka la miwani. Nikasema, hapana. Hakuna mwingine.

Usinune. Si kwamba sikuamini. Ni kwamba tulikuwa tunaviziana kwa mapenzi, wewe ukinichungulia kwenye simu, mimi nikikudanganya kwenye barua, na wote tulikuwa tunajua bila kuambiana. Nimechoka kujulikana hivyo. Nataka mtu aniulize, nami nimjibu.

Simu yako haitalia tena asubuhi. Nimepona woga, kwa hiyo ukiuliza, nitasema kweli.

Mama yako

*

7 Juni

Mama,

Shikamoo. Asubuhi ya kwanza ilipokuwa kimya nilishika simu kama mwendawazimu. Asubuhi ya pili nilinuna. Leo nimekaa na karatasi.

Umeamkaje?

Mwanao

*

15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Swali lako limefika leo, kwa hiyo najibu ya leo.

Nimeamka mapema, lakini si kwa mawazo, ni jogoo wa jirani mpya ambaye hana adabu. Nimepima. Imeshuka, si chini kabisa, lakini daktari ataridhika nayo. Dawa inanipa kizunguzungu kidogo nikisimama haraka, basi nasimama polepole kama malkia. Nilipokuwa naosha kikombe nimelia, kidogo tu, hakuna kilichonikumbusha, yalitoka yenyewe na yakakoma yenyewe. Kisha nimevaa, nimetoka, na nimewahi kazini kabla ya wote. Kile kitambaa kizito tumekimaliza. Mapazia yamenyooka, manyoya yote yamelala upande mmoja. Ungeyaona.

Hayo ndiyo yote. Sijabakisha kitu.

Na wewe? Tangu baba yako aondoke kila mtu ananiuliza mimi, na mimi nimekuuliza ya Jumapili, nimekuuliza ya kufuta, nimekushtaki, nikakuomba radhi, lakini hili sijakuuliza. Ulikaa chini sakafuni peke yako, katikati ya fremu, na hukuwa na wa kumwambia.

Umeamkaje, mwanangu? Usiniandikie mstari mmoja. Nina jioni nzima, na miwani uliyonitumia inaona vizuri.

Mama yako